Je, Wajua? Malipo ya Mchangiaji ni Jina Lake

Je, wajua kwamba katika makundi mengi ya WhatsApp nchini Kenya, anayetoa pesa hulipwa kwa kutajwa? Mkulima wa viazi kule Kibirichia, Meru, akituma mia mbili kwa M-Pesa, mweka hazina huongeza jina lake na kiasi alichotoa, huweka alama ya vema pembeni, kisha huituma upya orodha nzima. Harambee za zamani zilitumia kipaza sauti kwa kazi hiyohiyo ya kutaja watoaji, miongo mingi kabla M-Pesa haijazinduliwa mwaka 2007. Tangu 2022 kundi moja la WhatsApp huweza kuwa na watu 1,024, kwa hiyo orodha zenyewe huweza kuwa ndefu ajabu! Na ambaye hajatoa? Hatajwi, lakini wote wanamwona.