Jicho Lililo Ubavuni

Mtu apitaye ukumbini huku akitazama mbele tu hawezi kujua yaliyomo vyumbani, hata milango yote ikiwa wazi. Ndivyo ilivyo, ndugu msomaji, kwa endoskopu, yaani ule mpira mwembamba ambao daktari huupitisha kinywani mwa mgonjwa ili atazame ndani ya tumbo. Usidhani kwamba chombo hicho huona kila kitu. La hasha! Huona upande ule tu ambao kioo chake kimeelekezwa.

Mafundi wa mitambo wao wamelitatua jambo hili kwa wepesi. Wanapokagua mapanga yaliyomo ndani ya injini ya ndege, huwa na vichwa vidogo vya kioo vya kubadilisha: kimoja cha kuona mbele, kingine cha kuona ubavuni. Hufungua hiki, wakafunga kile. Ndani ya kichwa cha ubavuni mna kipande cha kioo kilichochongwa mshazari, nacho huupinda mwanga utokao kando ukafuata njia ya bomba.

Kwa matumbo yetu, aghalabu daktari hubadilisha chombo kizima. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitengeneza pamoja na wenzake endoskopu ya nyuzi za kioo, na mwaka 1957 akaimeza mwenyewe kwanza. Chombo hicho kilitazama ubavuni. Vile vya kutazama mbele vilienea baadaye, na leo ndivyo vitumikavyo zaidi katika kupima vidonda vya tumbo.

Lakini iko sehemu moja ambayo jicho la mbele huipita bila kuiona sawasawa. Nyongo itokayo kwenye ini huingia katika utumbo mwembamba kwa kitundu kidogo kilicho ukutani, kando, si mbele. Kijiwe kikiziba mfereji huo, macho ya mgonjwa hugeuka manjano, mkojo hukolea rangi kama chai ya rangi, na homa ikianza hali huwa ya hatari. Zamani dawa yake ilikuwa kupasua tumbo. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na wa Japani walitangaza kuwa wamekipanua kitundu hicho kwa kutumia endoskopu ya ubavuni, bila kupasua tumbo. Waama, hiyo ilikuwa hatua kubwa, ijapokuwa kongosho huweza kuvimba baada ya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, siku hizi kazi hiyo hufanywa hasa kwa kutibu, si kwa kupeleleza tu.

Jicho hilo lina dosari yake. Kando ya kioo chake mna kiwiko kidogo cha kuinulia waya, na nyuma ya kiwiko hicho uchafu hujificha. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilionya kwamba vijidudu sugu vilipita kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine kwa njia hiyo, hata pale maagizo ya usafishaji yalipofuatwa. Mwaka 2019 ikazishauri hospitali zihamie kwenye vyombo ambavyo kifuniko cha ncha yake hutumika kwa mgonjwa mmoja, kisha hutupwa.