Mama mkulima, kadiria pato la mwaka kabla ya kujifungua

MWANAMKE aliyeajiriwa nchini Kenya anapojifungua, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Lakini mama anayechuma majanichai, kukama ng'ombe na kufuga kuku katika shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumlipa. Siku anapolala kitandani, pato nalo hulala.

Hata hivyo, mama huyo anatakiwa kulipia bima ya afya sawa na wengine, na kiwango chake hutegemea pato la familia kwa mwaka mzima. Asipolijua pato lake, atakubali hesabu yoyote atakayopewa, au atafika hospitalini na uchungu bila bima.

Akina mama wengi bado wanakumbuka Juni 2013, serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye mpango wa Linda Mama. Mambo yamebadilika. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, na anayetaka bima imlipie gharama za kujifungua hospitalini anafaa kuwa amejisajili na amelipa.

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Asiye na mshahara hutozwa asilimia hiyo hiyo ya pato la familia, lakini si chini ya Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Tofauti ni kwamba yeye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja.

Pato hilo linajulikanaje? Mhusika huulizwa maswali kuhusu nyumba anamoishi, maji anayotumia, mifugo na mali nyingine, kisha mtambo unakadiria. Hapo ndipo mkulima anapohitaji kuwa macho. Ng'ombe aliyenunuliwa kwa mkopo wa chama huonekana zizini sawa na aliyenunuliwa kwa pesa taslimu. Mtambo huona ng'ombe, hauoni deni.

Kinga ya mkulima ni hesabu yake mwenyewe. Katika kazi yangu ya uchumi wa kilimo, makosa matatu ndiyo hujirudia. La kwanza ni kuchukulia mauzo yote kuwa pato, bila kutoa gharama. La pili ni kuchukua mwezi mzuri na kuuzidisha kwa 12. La tatu ni kusahau bonasi ya chai kwa kuwa huja mara moja kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa mama mwenye ekari moja ya chai, ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku wachache. Bei ninazotumia hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke zake.

Tuseme shamba linatoa kilo 3,000 za majani kwa mwaka. Kwa malipo ya kila mwezi ya Sh25 kwa kilo, anapata Sh75,000. Bonasi ikiwa Sh20 kwa kilo, anaongeza Sh60,000. Akiuza lita sita za maziwa kwa siku 270 kwa Sh45 kila lita, hizo ni Sh72,900. Trei 30 za mayai kwa Sh350 ni Sh10,500. Jumla ya mauzo ni Sh218,400.

Sasa atoe gharama. Mbolea Sh15,000, lishe na dawa za ng'ombe Sh28,000, chakula cha kuku Sh4,000. Jumla ni Sh47,000. Pato lake halisi katika mwaka wa kawaida ni Sh171,400, wala si Sh218,400.

Lakini mwaka wa kujifungua si mwaka wa kawaida. Kwa miezi mitatu hatachuma chai mwenyewe. Kilo 750 zitachumwa na vibarua kwa, tuseme, Sh10 kwa kilo, nazo ni Sh7,500. Atahitaji mtu wa kukama na kukata nyasi kwa Sh200 kwa siku. Kwa siku 90, hizo ni Sh18,000. Nyumbani maziwa yatahitajika zaidi. Lita mbili kwa siku zisipouzwa kwa muda huo, amepoteza Sh8,100.

Pato limepungua kwa Sh33,600 na kubaki Sh137,800. Anayetumia hesabu ya mwaka jana kukadiria mwaka huu amejidanganya kwa kiasi hicho.

Kumbuka kwamba kinachopimwa ni pato la familia, si la mama peke yake. Mume akiwa na bodaboda inayomletea Sh120,000 kwa mwaka baada ya mafuta na matengenezo, pato la nyumba hiyo ni Sh257,800. Asilimia 2.75 ya hizo ni takriban Sh7,090.

Iwapo mume ameajiriwa na hukatwa kwenye mshahara, jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa mke na watoto wamesajiliwa chini yake. Yapo maboma ambayo mume anakatwa kila mwezi ilhali jina la mke halimo.

Sasa turudi kwenye kiwango ulichopewa. Ipo njia rahisi ya kukikagua. Chukua pesa unazotakiwa kulipa kwa mwaka, gawanya kwa 2.75, kisha uzidishe kwa 100. Ukiambiwa ulipe Sh9,900, maana yake umehesabiwa kuwa familia yenye pato la Sh360,000 kwa mwaka. Katika mfano wetu, hiyo ni zaidi ya Sh100,000 juu ya pato halisi.

Usikae kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu anayeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Nenda ofisini ukiwa na stakabadhi za chai, kadi ya maziwa ya chama cha ushirika na risiti za mbolea na lishe. Anayelalamika bila karatasi husikilizwa na kusahauliwa.

Wala usidanganye kuhusu mali ulizo nazo. Hesabu ya kweli yenye karatasi ina nguvu kuliko ng'ombe aliyefichwa kwa jirani.

Swali la pili ni wakati wa kulipa. Bonasi ya chai kwa kawaida huingia mwezi wa Oktoba, na mtoto hasubiri bonasi. Mama anayetarajia kujifungua Aprili na ambaye alitumia bonasi yote kwa karo ya Januari atakuwa hana kitu.

Kwa malipo ya Sh7,090, mama anayeanza kuweka akiba akiwa na mimba ya miezi mitatu anahitaji Sh1,200 kwa mwezi kwa miezi sita, akiwa na lengo la kumaliza kabla ya mwezi wa tisa. Aliyejipanga mwaka mzima anahitaji Sh600 tu. Pesa za mayai zinaweza kutengwa kwa kazi hiyo, au chama cha akina mama kianzishe mfuko wake. Upo pia mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, lakini mkopo ni deni, na utalipwa katika miezi ile ile ambayo pato limepungua.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, SHA hulipia hospitali Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hakuna mama anayejua mapema ni njia ipi atakayopitia. Familia isiyo na bima ikipatwa na upasuaji, aghalabu ng'ombe ndiye huuzwa kwanza, na pamoja naye huondoka pato la miaka ijayo.

Neno la mwisho ni kwa akina mama wanaofanya vibarua katika mashamba makubwa ya chai na maua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda wa jumla usiopungua mwezi mmoja huweza kuchukuliwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kabla ya kukubali kwamba huna likizo ya uzazi, hesabu siku ulizofanya kazi.

Daftari la kurasa 48 linatosha. Upande mmoja andika kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, kila jioni, kuanzia mwezi unaojua kwamba una mimba.