Kutoka matope ya Masisi mpaka theluji ya Kanada: raketi kwenye miguu, na baridi yenye haitabiriki tena

Kule Kingi, kwenye milima ya Masisi, watu wanajua baridi. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mashamba ya maharagwe, wachungaji wanajifunika blanketi, na siku ingine mvua ya mawe inafanya kilima kizima kuwa cheupe kwa nusu saa. Kisha jua linatoka na yote inayeyuka. Lakini theluji yenyewe, ile yenye wengi wanaita neje kama Wafaransa, wanaiona tu katika video zenye ndugu wanatuma kwa WhatsApp kutoka Montreal, Ottawa, Portland ao Burlington.

Kuko kitu kimoja katika video za namna hiyo chenye kinaweza kuchekesha muzee yeyote wa Masisi: watu wanatembea kwa furaha katikati ya musitu mweupe, wakiwa wamefunga kwenye miguu vitu viwili vipana, kama vile kila mumoja amekanyaga lungo ya kupepetea maharagwe. Hizo ni raketi. Si raketi za kuchezea tenisi, hata kama jina ni lile lile katika Kifaransa.

Kazi yake ni rahisi kuelewa kwa mutu mwenye amekwisha kupita barabara za Masisi wakati wa mvua. Wakati chukudu inazama ndani ya matope, watu wanaweka ubao chini ya gurudumu ili uzito usikae pahali pamoja. Raketi inafanya vile vile. Mutu mwenye kuvaa mabote tu anazama ndani ya theluji mpaka kwenye magoti, na kisha mita 100 amechoka. Mwenye raketi anakaa juu, ao anazama kidogo tu. Zile za leo zinatengenezwa kwa aluminiamu ao plastiki, na chini ziko na meno ya chuma ya kushika barafu kwenye muteremuko.

Si wazungu ndio walizivumbua kule Amerika ya Kaskazini. Ni wenyeji wa kwanza wa inchi hiyo, Wainnu, Wawendat, Waalgonquin na wengine, walipinda miti myepesi na kusuka ndani yake kamba za ngozi ya wanyama, ili waweze kuwinda na kusafiri wakati wa baridi. Wafaransa walipofika waliiga. Kijiji cha Wendake, karibu na muji wa Québec, kimejulikana kwa muda murefu juu ya mafundi wake wa raketi. Katika miaka ya 1840 watu wa Montreal wakaanzisha chama cha kutembea na raketi, na chombo cha kazi kikageuka kuwa muchezo.

Wakongomani wanaingiaje katika habari hii? Kwa njia ya vita. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 wenye kutoka Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hesabu kubwa kupita ile ya inchi ingine yoyote. Wengi walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi za Uganda, Rwanda, Burundi ao Tanzania. Wamoja waliwekwa katika majimbo ya joto kama Texas, lakini wengine walijikuta Maine, Vermont ao Michigan, pahali penye theluji inaweza kufunika ardhi miezi mitatu ao mine. Kanada nayo, zaidi sana Québec juu ya luga ya Kifaransa, iko na Wakongomani tangu zamani.

Majira ya baridi ya kwanza ni magumu kwao. Mwezi wa 12, jua la Montreal linazama mbele hata saa kumi na nusu ya jioni haijafika. Mutu anatoka kazini giza limekwisha kuingia. Kwa hiyo wengi wanajifunga ndani: kazi, nyumba, kanisa, nyumba tena. Mwili nao unapata hasara, maana ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na jua la kule wakati huo ni zaifu sana. Hapo ndipo kutembea inje kunaleta tofauti. Haiponyeshi kila kitu, lakini saa moja ya mwangaza wa muchana, ukiwa na watoto wenye kucheka na kuanguka bila kuumia, si kitu kidogo kwa mutu mwenye hajaona jua tangu siku ya Yenga.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, si baridi. Ni neno musitu. Kwa mutu wa Masisi ao Walikale, musitu unamaanisha mambo mengine kabisa: pahali pa kukimbilia usiku na watoto wakati risasi zinalia, pahali penye wenye silaha wanakaa, pahali penye mwanamuke mwenye kwenda kutafuta kuni hana uhakika wa kurudi salama. Kumwambia mutu wa namna hiyo, siku ya mapumziko, "twende tutembee musituni kwa kujifurahisha," ni kumuomba asahau mambo mengi kwa wakati mumoja. Wamoja hawataki, na wako na haki. Kwa wenye kukubali, njia yenye inasaidia ni ile ya kwenda kwa kundi, muchana, kwenye njia fupi yenye alama na yenye watu wengi wanapita, karibu na paro ya magari. Bustani ya Mont-Royal, katikati ya Montreal yenyewe, inafaa kwa kuanza. Mutu anasikia bado sauti ya muji.

Pesa si shida kubwa kama watu wanavyoogopa. Katika Maine na Vermont, maktaba nyingi za umma zinaazimisha raketi namna tu zinavyoazimisha vitabu. Katika bustani za Québec raketi zinakodishwa, na watoto wa miaka 17 kushuka hawalipi kuingia. Mavazi ndiyo yenye kudanganya wageni: wanavaa jaketi moja nzito sana juu ya shati ya pamba. Kisha dakika kumi za kutembea mutu anatoka jasho, pamba inalowana, na akisimama kidogo baridi inamuingia mpaka kwenye mifupa. Afazali nguo tatu nyepesi, ya ndani ikiwa ya sufu, zenye anaweza kuvua na kurudisha.

Sasa, kumbe theluji yenyewe imeanza kukosa adabu. Muji wa Ottawa uko na mufereji wa Rideau, wenye kila mwaka unaganda na kuwa njia ya kuteleza ya kilometa 7.8. Katika majira ya baridi ya 2022-2023 haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu mwanzo wake katika miaka ya 1970. Mwaka wenye kufuata ulifunguliwa siku chache tu; majira hayo ya 2023-2024 ndiyo yalikuwa ya joto kupita yote yenye Kanada ilikuwa imepima. Kisha 2025 baridi ikarudi, na watu wakateleza kwa wiki nyingi. Mulimaji wa Kingi mwenye kupanda maharagwe mwezi wa 9 na kungojea mvua yenye haiji, ama yenye kuja yote siku moja, anaelewa lugha hiyo bila mutafsiri.

Wenye kupenda raketi wamejifunza kuvizia. Wanaangalia utabiri wa hali ya hewa mbele ya kulala na tena asubuhi. Theluji ikianguka Ijumaa, wanatoka Siku ya Posho mapema, hawangojei Yenga, juu mvua inaweza kuifuta. Wanachagua musitu wa miti ya misonobari, ao upande wa mulima wenye haupate jua, maana pale theluji inakawia. Ikiwa haifike sentimeta 15 hivi, raketi zinabaki kwenye gari; zikikwaruza mawe zinaharibika. Siku hizo wanafunga kwenye mabote meno madogo ya chuma na kutembea vile, maana mvua yenye kuganda inageuza njia kuwa kioo. Na kuhusu maziwa, hapo hakuna muchezo: Musalaba Mwekundu wa Kanada unaomba barafu iwe na unene wa angalau sentimeta 15 mbele ya mutu kuikanyaga. Kisha wiki ya joto, mutu wa kigeni hawezi kuihesabu kwa macho.

Congo pia iko na theluji yake, wengi wanasahau. Iko Beni, juu ya Rwenzori, kwenye urefu wa mita 5,109. Wakonzo na Wanande wanaiita Nzururu. Mwaka wa 1906 barafu ya mulima huo ilifunika karibu kilometa za mraba 7. Leo haifike hata 1. Na juu ya vita, hata ile kidogo yenye kubakia, Wakongomani wachache sana wanaweza kuipandia kupitia Mutwanga.

Tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 2025, siku ile ile waasi wa M23 waliingia Goma, amri ya kusimamisha mapokezi ya wakimbizi ilianza kutumika Marekani. Jamaa nyingi ziligawanyika hapo: wamoja katika theluji, wengine katika kambi wakiwa na karatasi zimekwisha kutayarishwa. Video bado zinatumwa.

Mwezi wa 3 ao wa 4, Vermont inaingia katika kile wakaaji wake wenyewe wanaita majira ya matope. Theluji inayeyuka, barabara za udongo zinalainika, magari yanazama mpaka kwenye mataboro, na watembezi wanaombwa kuacha njia za juu milimani mpaka mwisho wa mwezi wa 5, ili miguu isiziharibu. Raketi zinarudishwa maktaba, na watu wa Masisi wanavaa mabote.