Je, Wajua? Shule ya Mbao Iliyojengwa na Waliotoroka Utumwa

Je, wajua kwamba huko North Buxton, kusini-magharibi mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, bado limesimama jengo la shule la mbao lililojengwa mwaka 1861 na watu waliotoroka utumwa Marekani? Ni chumba kimoja tu. Kiserikali iliitwa Shule Namba 13 ya Raleigh. Katika Kanada nzima, ndilo jengo pekee la shule lililobaki kati ya yale yaliyojengwa na watoro wa utumwa.

Je, wajua kwamba walowezi wa Buxton waliinunua ardhi yao? Makazi hayo, kwa jina rasmi Elgin, yalianzishwa mwaka 1849 na William King, mchungaji wa Kipresbiteri mzaliwa wa Ireland aliyewahi kufundisha Louisiana. Kwa ndoa na mirathi alijikuta anamiliki watumwa. Akawaacha huru, na watu 15 wakafuatana naye hadi Kanada. Eneo lenyewe lilikuwa ekari 9,000, msitu mtupu. Kila familia iliuziwa ekari 50 kwa dola 2.50 kila ekari, deni la kulipwa ndani ya miaka 10.

Masharti ya nyumba nayo yaliandikwa: isipungue futi 24 kwa 18, iwe na vyumba vinne, isimame futi 33 kutoka barabarani, na mbele yake pawe na uzio na bustani ya maua. Hilo la maua halijawahi kunitoka akilini. Watu waliokuwa jana tu wakihesabiwa pamoja na ng'ombe wa bwana wao walitakiwa kupanda maua mbele ya mlango wao wenyewe.

Je, wajua kwamba majirani hawakuwataka? Mwanasiasa wa Chatham, Edwin Larwill, aliongoza upinzani mkali dhidi ya makazi hayo tangu siku za mwanzo. Katika uchaguzi wa 1857 wanaume wa Buxton walijitokeza kupiga kura, na Larwill akapoteza kiti chake cha ubunge. Miaka miwili baadaye Abraham Shadd akachaguliwa kuwa diwani wa Raleigh, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma Kanada. Barabara inayopita mbele ya makumbusho ya Buxton leo ina jina lake.

Je, wajua kwamba kilichowashinda wapinzani mapema kuliko hata kura ni shule? Kabla ya jengo la 1861 kulikuwa na shule ya misheni, iliyofunguliwa mwaka 1850. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na walioendelea wakasomeshwa Kilatini na Kigiriki. Haukupita muda wazazi Wazungu wa jirani wakaanza kuleta watoto wao, maana shule ya wilaya haikufua dafu. Weusi na weupe wakakaa darasa moja, wakati ambapo katika majimbo mengi ya kusini mwa Marekani kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai.

Waliopita katika shule hiyo ya misheni? Anderson Ruffin Abbott, aliyepata leseni ya udaktari mwaka huohuo wa 1861 na kuwa daktari mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada, kisha akawatibu askari wa upande wa Lincoln katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwingine ni James Rapier, aliyerudi Buxton kufundisha, halafu akaenda kwao Alabama na kuingia katika Bunge la Marekani mwaka 1873.

Je, wajua kwamba mbao za jengo la zamani zinasomeka? Fundi anayejua kazi yake hupiga magoti kwenye kona yenye giza ambayo haijawahi kupakwa rangi, akamulika tochi kwa ubavu. Alama za shoka zinaonyesha gogo lililochongwa kwa mkono. Mistari iliyonyooka ni ya msumeno wa kupanda na kushuka, na mistari ya upinde ni ya msumeno wa duara. Kisha hutazama misumari: ile ya kukatwa, bapa na butu nchani, ndiyo iliyotawala karne ya 19 hadi ile ya waya, ya mviringo tuliyoizoea, ilipoipiku kwenye miaka ya 1890. Akiwa na bahati, duara za ukuaji wa mti humpa hadi mwaka mti ulipokatwa. Ndiyo maana anayeng'oa mbao kuukuu na kuzitupa kabla hazijachunguzwa anatupa ushahidi, na ushahidi huo hauna nakala.

Je, wajua kwamba kubadilisha ubao uliooza hakuui urithi? Mwaka 1994 wataalamu walikutana Nara, Japani, nchi ambayo hekalu lake la Ise hujengwa upya kwa mbao kila baada ya miaka 20. Walikubaliana kwamba uhalisi wa jengo hupimwa pia kwa matumizi yake, ufundi wake na mila zake, na kila utamaduni uheshimiwe kwa vigezo vyake. Kwa jengo la mbao, kanuni njema ni hii: weka ubao wa mti uleule, kwa ufundi uleule, na uandike ulichobadilisha. Kufunika ukuta wote kwa saruji au plastiki ni jambo jingine kabisa, tena mara nyingi hufungia unyevu ndani na kuharakisha uozo.

Je, wajua kwamba huko St. Augustine, Florida, kuna shule kongwe ya mbao za mwerezi na saiprasi iliyozungushiwa mnyororo mkubwa mwaka 1937 ili kimbunga kisiibebe?

Je, wajua kwamba mwaka 1850 watu weusi wa Pittsburgh waliwatumia wenzao wa Buxton kengele, na ililia kila mtoro mpya alipofika salama?

Shule Namba 13 ilifundisha hadi mwaka 1968. Zaidi ya karne nzima, chumba kilekile. Makumbusho yalikuwa yamefunguliwa mwaka mmoja kabla, na mwaka 1999 serikali ya Kanada ikayatambua makazi ya Buxton kuwa eneo la kihistoria la taifa. Mimi naona sifa hiyo ilichelewa mno.

Tangu 1924, kila sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, wajukuu na vitukuu wa walowezi hao hurudi Buxton kutoka Kanada na Marekani. Msomaji uliye Detroit, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari ukishavuka mpaka. Uliye Toronto, ondoka asubuhi. Wapeleke watoto, waingie darasani na wasimuliwe ni nani waliolijenga.