Maganda ya Matoke na Udongo wa Kota

Kila jioni, katika kota za askari na polisi za Kampala, Jinja na Mbarara, matoke humenywa. Itazame ndoo ya maganda inayobaki: aghalabu imejaa kuliko sufuria yenyewe. Maganda hayo hupelekwa jaani, yakachomwa yangali mabichi, yakafuka moshi mchana kutwa. Kisha mama yule yule aliyeyatupa hushika kikapu kwenda sokoni kununua fungu la dodo na nyanya nne, na pengine mshahara wenyewe ulikwisha tangu tarehe 20.

Ukimwuliza kwa nini halimi mboga nyuma ya nyumba, atakujibu kwamba udongo wa kota haukubali kitu. Hasemi uongo. Nyumba zilipojengwa, udongo mweusi wa juu ulikwanguliwa. Miguu ya watoto na ufagio wa kila asubuhi vikamaliza kazi. Uliobaki ni udongo mwekundu, mgumu kama sakafu, ambao mvua hupita juu yake bila kuingia. Mbolea ya chumvichumvi huulisha mmea, lakini haiwezi kuulegeza udongo wa namna hiyo. Kinachouregeshea uhai ni mboji. Jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu wa Buganda walimwaga maganda na majivu ya jikoni katika lusuku, na migomba iliyokuwa karibu na jiko ndiyo iliyonenepa.

Chagua mahali penye kivuli, mbali kidogo na dirisha la jirani na mbali kabisa na kisima. Tandaza chini mabua ya mahindi au vijiti, kimo cha shubiri moja, ili hewa ipite. Jamaa moja haipati maganda ya kutosha kwa siku moja. Basi kila umwagapo ndoo moja ya maganda, ifunike papo hapo kwa ndoo mbili za majani makavu. Baada ya majuma machache, vitu vikiwa vingi, changanya vyote upya pamoja na samadi ya kuku au mbuzi na makonzi machache ya udongo, ukinyunyiza maji kila tabaka. Biwi lisipungue mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, kwani likiwa dogo halishiki joto. Lifunike kwa majani ya mgomba.

Hayo majani makavu usiyadharau. Mimi niliyadharau. Katika kota tulizokaa zamani nilirundika maganda matupu mwezi mzima, nikijisifu kwamba natengeneza mbolea. Yakageuka uji mweusi, inzi wakatanda, majirani wakaziba pua, na siku ya ukaguzi wa usafi nikaamriwa kuzoa yote kabla ya jua kutua. Niliona nimeonewa. Leo nakiri kwamba amri ile ilikuwa ya haki: biwi linalonuka ni biwi lililokosa hewa, na katika kambi watu wanaoishi ukuta kwa ukuta hawawezi kuvumilia uzembe wa mmoja.

Ndani ya biwi zuri kuna kazi kubwa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula maganda na majani, na katika kula kwao hutoa joto ambalo laweza kufika digrii 60 za sentigredi, hata zikafa mbegu za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Siku ya nne au ya tano ichomoe uishike: ikiwa ya moto na yenye unyevu, mambo ni mema; ikiwa kavu, ongeza maji; ikiwa baridi na inanuka, pindua biwi lote na kuongeza majani makavu. Pindua tena kila baada ya majuma mawili au matatu, ya nje yaingie ndani. Sir Albert Howard, Mwingereza aliyeshughulika na jambo hili huko Indore, India, kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, alipata mboji iliyoiva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kwa hiyo anayetaka kupanda kwa mvua za Machi na aanze mapema Desemba. Wa mvua za Septemba na aanze Juni.

Nyama, mifupa na mafuta visiingie, maana huita panya na mbwa. Kinyesi cha binadamu ni marufuku, kwa ajili ya minyoo. Betri za tochi, vigae vya chupa na kavera vitengwe. Lumbugu ianikwe juani hadi ikauke kabisa, la sivyo utakuwa umeipandikiza. Tena tangu mnyauko wa migomba ulipoonekana Mukono mwaka 2001, yafaa mtu awe mwangalifu: ndizi ambazo nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu, maganda yake yasitiwe katika biwi.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjika mkononi, nayo inanukia kama msitu baada ya mvua. Katua tuta, tandaza mboji unene wa vidole viwili au vitatu, uichanganye na udongo wa juu. Kwa nyanya na biringanya, tia makonzi mawili katika kila shimo. Isiyoiva usiitumie, wala samadi mbichi. Zote huweza kuunguza miche. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, na mwenye kidonda akifunike, kwani pepopunda hukaa udongoni.

Wako watakaosema: nihangaike kwa faida ya nani, na barua ya uhamisho yaweza kufika kesho? Swali hili lina uzito, nami limenipata zaidi ya mara moja. Lakini dodo huchumwa baada ya majuma manne tu, na mboji iliyoiva yaweza kutiwa guniani ikapakiwa katika lori pamoja na magodoro, mradi migomba ya mahali pale haikuwa na mnyauko. Biwi lisiloiva liache lilipo. Mwambie mama anayeingia ni siku gani ulilipindua mara ya mwisho, na umwonyeshe fimbo.