Sari, suruali na sarufi ya vazi

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii haijapata likizo tangu wahenga walipoitunga, kwani huitwa kutoa ushahidi kila kijana anapoonekana amevaa kitu ambacho mzee hakukizoea. Majuzi niliisikia ikitamkwa mahali nisipoitarajia, sebuleni mwa mama mmoja wa Kigujarati aliyekuwa jirani yetu kwa miaka mingi mtaani Ngara. Mama huyo alizaliwa Nairobi, na Kiswahili chake kina methali nyingi kuliko cha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Aliyeshtakiwa alikuwa mjukuu wake, msichana anayesomea ualimu. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi, kurta fupi ya pamba iliyopigwa chapa ya maua kwa mkono, raba nyeupe miguuni, na ule mtandio mrefu uitwao dupatta ameuzungusha shingoni kama skafu ya baridi. "Mwalimu, mtazame mjukuu wako," mama aliniambia. "Huku Mhindi, huku Mzungu. Katikati hakuna mtu."

Msichana hakumjibu bibi yake. Aligeuka akaniuliza mimi swali ambalo limenifanya niandike makala haya. Alikuwa amepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili, na siku ya kwanza tu aliambiwa kwamba kurta yake ndefu na suruali yake pana si "mavazi rasmi". Atafute sketi na koti. "Nyumbani naambiwa mimi si Mhindi wa kutosha, shuleni naambiwa nimezidi. Sasa nivae nini, mwalimu?"

Mimi ni mtu wa isimu, wala si fundi cherehani. Hata hivyo, mabishano haya nayajua vyema, kwa kuwa ndiyo yale yale tunayobishana kuhusu lugha: lipi ni letu, lipi la kuazima, na nani alipewa mamlaka ya kuchora mpaka.

Tuanze na vazi la mama mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amevaa sari kwa namna ya Kigujarati, ncha yake yenye mapambo ikipita juu ya bega la kulia na kushuka kifuani. Mjukuu wake avaapo sari, ncha hiyo hupita bega la kushoto na kuning'inia mgongoni, mtindo uitwao nivi, ambao ndio uliotapakaa India nzima na katika filamu zake. Kwa mama, hata huo ni ugeni. Mwanamke wa Maharashtra naye, mwenye sari ya yadi tisa inayopitishwa katikati ya miguu ili aweze kufanya kazi shambani, angewashangaa wote wawili.

Isitoshe, chini ya sari ya mama kuna blauzi iliyokatwa na kushonwa, na sketi ya ndani. Majina ya vitu hivyo katika lugha nyingi za India ni ya Kiingereza, na majina hayo hayakuja peke yake. Katika karne ya 19 wanawake wengi wa India walivaa sari bila vitu hivyo. Anayetajwa sana katika kuvieneza ni Jnanadanandini Devi wa Bengali, mke wa Satyendranath Tagore, Mhindi wa kwanza kufaulu kuingia katika utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni mwaka 1863. Alipokuwa Bombay pamoja na mumewe, mama huyu aliwatazama wanawake wa Kiparsi, akachukua ufungaji wao, akaongeza blauzi na sketi ya ndani, akarejea Bengali na mtindo mpya. Yaani hili vazi tunaloliita la jadi, kwa umbo lake la sasa, ni mseto uliobuniwa na mwanamke aliyetaka kutoka nyumbani na kuingia katika ulimwengu wa mikutano na wageni.

Hali ni hiyo hiyo kwa shalwar kameez. Neno shalwar ni la Kiajemi. Waarabu walilifanya sirwal, na kutoka kwao sisi tukapata suruali. Kwa hiyo Mkenya anayesema kwamba suruali yake ni rasmi ilhali shalwar ya yule msichana si rasmi, analipinga neno kwa neno lile lile. Kameez nayo ni ya ukoo wa qamis ya Kiarabu na camisa ya Kireno, na kamisi yetu, lile vazi la ndani la akina mama, ni binamu yake. Sina haja ya kutaja kaptura za kaki zilizovaliwa na vizazi vya wanafunzi wetu. Khaki ni rangi ya vumbi kwa Kiajemi na Kiurdu, na ilianzia katika sare za askari wa India ya karne ya 19.

Neno linalonifurahisha kupita yote ni kurti. Kwa Kihindi, nomino nyingi zinazoishia kwa -a zina mwenzake anayeishia kwa -i, aliye wa kike au aliye mdogo. Kutoka kurta, shati refu lisilo na kola, ikazaliwa kurti, fupi na ya kike. Nasi tungefanya vivyo hivyo kwa kiambishi ki-. Siku hizi kurti ndiyo inayovaliwa na jinzi katika vyuo, ofisi na vituo vya treni vya Delhi, Pune na Bangalore. Wanafunzi wa miaka ya 1970 waliitangulia kwa kurta ya pamba, jinzi, na mfuko wa kitambaa begani. Wala hakuna kamati iliyoketi kuipitisha. Sisi hapa Kenya tuliunda kamati, tukalizindua vazi la taifa kwa shangwe mwaka 2004, na tangu siku hiyo sijakutana na mtu amelivaa akienda sokoni.

Hapa ndipo ninapoiona sarufi. Lugha huazima maneno bila kufa, mradi iyatie katika kanuni zake. Kitabu kilitoka Uarabuni, lakini tulipokipa wingi wa vitabu kikawa chetu. Sari ina kanuni yake pia: ni kitambaa kimoja cha mita tano au sita, hakikatwi, hakishonwi, na kila avaaye hukipa umbo upya kila asubuhi. Kuivaa na shati la mikono mirefu, au na mshipi wa ngozi kiunoni na raba miguuni, ni kubadili msamiati tu. Nikiri, hata hivyo, kwamba sari iliyoshonewa mikunjo na kutiwa zipu, ya kuvaliwa kama gauni, hainipendezi. Huko ni kuvunja sarufi yenyewe. Msichana aliponisikia alicheka, akasema kwamba asubuhi ya saa kumi na mbili, matatu ikiwa inapiga honi, sarufi itamsubiri jioni. Sikuwa na jibu.

Nilimtetea kwa bibi yake. Kumtetea shuleni ni kazi ngumu zaidi, kwa maana huko hatushindani na mapenzi ya mila, tunashindana na woga. Sisi tuliotawaliwa tumerithi imani kwamba jambo zito haliwezi kufanywa na mtu asiye na koti. (Nami naandika haya nikiwa nimefunga tai, katika jiji lenye jua.) India yenyewe haijaponea. Mnamo Septemba 2021 ilisambaa video ya mwanamke aliyesema kwamba mkahawa mmoja wa Delhi ulimzuia kuingia kwa kuwa sari haikuhesabiwa katika mavazi yake nadhifu. Wenye mkahawa walikisimulia kisa kwa namna nyingine, lakini ghadhabu iliyofuata ilionyesha kwamba kidonda kilikuwepo. Hata hivyo, katika bunge la nchi hiyo wabunge hukaa na kurta, dhoti na sari zao, na sheria hupita. Kwetu, Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda katika Bunge la Taifa.

Gandhi alilielewa jambo hili mapema. Wakili huyu aliyesomea London na kuvaa suti, mnamo Septemba 1921, akiwa Madurai, aliamua kuvaa kitambaa kifupi cha khadi tu, uzi uliosokotwa na kufumwa kwa mikono, kama mkulima maskini. Mwaka 1931 alikwenda kumwona mfalme wa Uingereza akiwa na vazi hilo hilo. Lakini Nehru, mwenzake, alivaa khadi iliyokatwa ikawa koti la kola ya kusimama, na hakuna aliyesema kwamba mmoja wao si Mhindi.

Khadi inanikumbusha hasara ambayo wazee wa sebuleni hawaitaji. Hesabu ya wafumaji wa mkono na wasaidizi wao nchini India ilionyesha watu zaidi ya milioni 4.3 mwaka 2009-10. Hesabu iliyofuata, ya 2019-20, iliwapata kama milioni 3.5, wengi wao wanawake. Waliopungua hawakufukuzwa na msichana wa jinzi. Mitambo ya umeme hutoa nakala ya sari ya Banarasi kwa bei ambayo mfumaji hawezi kuifikia, na mama anayelilia mila dukani hununua nakala hiyo. Kurti ya mjukuu wake, kwa kuwa inahitaji mita mbili tatu tu, huenda ikawa ndiyo nguo ya kufumwa kwa mkono ambayo mshahara wa mwalimu mchanga unaweza kuimudu. Mseto huo unaweza kumlisha mfumaji.

Nilimwambia mama hayo, tena kwa urefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Alinisikiliza kwa adabu na kunimiminia chai. Juma lililofuata mjukuu alinipigia simu. Bibi alikuwa amefungua sanduku lake, akatoa sari ya pamba iliyochakaa katikati, akampa ampelekee fundi amshonee kurta ndefu ya kufundishia, kwa sharti kwamba pindo lenyewe lisikatwe. Fundi amelalamika kuwa kazi ni ngumu, lakini amekubali. Shule ndiyo bado haijajibu.