Fahamu: Je, umri wa kunywa pombe Kenya sasa ni miaka 21?

Hapana, bado ni 18. Gumzo lilianza Julai 2025, serikali ilipozindua sera mpya ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Sera hiyo inapendekeza umri upandishwe hadi 21, na pombe isiuzwe supamaketi wala watu wasiletewe nyumbani. Kelele zilipozidi, serikali ikafafanua kwamba sera si sheria.

Sheria inayotumika ni ya 2010, maarufu kama "sheria ya Mututho", kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni. Wengi wanaikumbuka kwa kufunga baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wachache wanakumbuka kwamba ndiyo iliyohalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa viwango na kutiwa chupani. Hata hivyo, Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu Kirinyaga.

Kinachokera wengine zaidi si pombe bali ni muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha. Mei 2024 Mombasa iliyapiga marufuku. Embu, yanakolimwa, ikaja juu, mahakama ikasimamisha katazo. Mama wa Likoni anaona mwanawe akitafuna usiku kucha bila usingizi. Mkulima wa Mbeere, huko Embu, anaona karo ya shule. Jani ni lile lile, na sheria inalitambua kama zao.

Tukirudi kwenye pombe, binafsi sioni umri wa miaka 21 ukifua dafu wakati muuzaji hamwombi kijana kitambulisho hata leo. Vyovyote iwavyo, umri wa 18 haubadiliki mpaka Bunge libadilishe sheria.